Sentensi Aliyoiruka Namnyaki

Namnyaki alikuwa ameshafanya kazi ya uuguzi miaka kumi na mmoja alipopewa kazi ya utafiti, na waliomfahamu walisema kazi hiyo imempata mwenyewe. Alikuwa na sauti ya chini na mikono isiyo na haraka, na alisema Kiswahili, Kimaa cha Waarusha wenzake, na Kimeru cha kuombea maji. Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja ya Arusha, chumba chenye vitanda sita na mashine nne za kupumulia, yeye ndiye aliyetumwa kwenye benchi la nje kuongea na ndugu wa mgonjwa kila utafiti ulipohitaji ridhaa yao.

Utafiti wenyewe ulihusu maji. Mtu ambaye uchafu wa kidonda umemwingia kwenye damu, presha ikashuka na mwili ukaanza kukata tamaa, madaktari kwa miaka mingi walifundishwa kummiminia dripu nyingi, tena upesi. Lakini baadhi yao walikuwa wameanza kushuku kwamba maji hayo yakizidi huishia kwenye mapafu. Hakuna aliyekuwa na uhakika. Kwa hiyo wagonjwa waligawanywa makundi mawili, la maji mengi na la maji kidogo, na aliyegawa hakuwa daktari. Kulikuwa na bahasha zilizofungwa, zimepangwa kwa bahati nasibu tangu mwanzo. Ridhaa ikitolewa, bahasha inayofuata inafunguliwa, na kilichoandikwa ndani ndicho kinachofanyika.

Daktari Bhavin, aliyeusimamia utafiti ule, alizaliwa hapohapo mjini, katika ukoo uliouza vitambaa tangu enzi za babu yake. Aliwaambia wauguzi siku ya kwanza kwamba wakichagua wao, kila mmoja atampa anayemhurumia kile anachodhani ni bora, na miaka itapita bila mtu kujua lolote. Namnyaki alilielewa neno hilo na kulikubali. Hata baadaye, mambo yalipoharibika, hakuacha kulikubali.

Lemburis aliletwa Jumanne moja ya Julai 2022. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mkata miti katika msitu wa misindano kule Olmotonyi. Panga lilimteleza likamkata muundi, akafunga kitambaa akaendelea na kazi, maana kibarua akilala nyumbani nafasi yake inachukuliwa. Siku ya sita mguu ulivimba hadi kwenye goti. Siku ya nane hakumtambua mama yake.

Mama huyo ndiye aliyekuja naye, peke yake. Mume alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani, na Joyce, mke wa Lemburis, alikuwa amejifungua siku tano tu nyuma, hakuweza kutoka. Mama Lemburis alikaa kwenye benchi amejifunika shuka mbili kwa sababu ya baridi, miguu imejaa tope la mlimani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia parachichi na viazi pale Ngaramtoni. Hakikutosha kuongelea figo na damu. Basi Namnyaki akakaa karibu naye, akamwamkia kwa Kimaa, akamwita yeyo, yaani mama, akaanza kumsomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na kuitafsiri kipande kwa kipande.

Mambo yalikwenda vizuri hadi ukurasa wa pili. Pale palikuwa na maneno haya: Mgonjwa atapangiwa kundi kwa bahati nasibu, kama kurusha shilingi. Daktari hatamchagulia.

Namnyaki aliyasoma kimoyomoyo. Kimaa chake alikuwa nacho tayari. Asubuhi ileile alikuwa amemwambia mzee mmoja maneno hayohayo, na mzee yule akainuka, akajibu kwamba mtoto wake si ng'ombe wa kupigiwa kura, akaondoka. Sasa alimtazama Mama Lemburis. Mama alikuwa akimwangalia mdomoni, kama mtu anayesubiri kutupiwa kamba. Ndani, wauguzi walikuwa wameshamaliza kumfunga Lemburis mipira, wanangoja jibu. Huruma ilimshika Namnyaki. Na pamoja na huruma, ambayo ndiyo aliyokuwa akiitaja kila alipojitetea mbele ya nafsi yake, kulikuwa na jambo lingine: mwezi ulikuwa unaisha, na orodha ya waliokubali ilikuwa fupi kuliko idadi aliyotakiwa kufikisha.

Akaiacha sentensi ile. Badala yake akasema, kwa Kimaa laini kabisa, kwamba madaktari watampangia Lemburis maji yanayomfaa.

"Wewe ungemweka wako?" mama akauliza.

"Ningemweka, yeyo."

Hilo lilikuwa kweli. Mama akapaka wino kidoleni, akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa, akapewa nakala ya fomu akaiweka kifuani. Bahasha ikafunguliwa. Maji mengi.

Siku ya kwanza presha ilipanda, na Mama Lemburis akawashukuru wote, hadi mfagiaji. Siku ya pili Namnyaki alipoweka kipimo kifuani mwa mgonjwa alisikia mlio kama wa mafuta kikaangoni. Kope zilikuwa zimevimba, pete ya ndoa ikalazimika kukatwa. Mchana walimwekea mashine ya kupumulia. Figo zilikuwa zimeshasimama. Maji yaliyoingia hayakuwa na mahali pa kutokea. Daktari Bhavin alisimamisha dripu mapema kuliko utafiti ulivyoelekeza, jambo aliloruhusiwa kulifanya kwa usalama wa mgonjwa, akajaribu kila dawa aliyokuwa nayo. Ijumaa saa nne asubuhi, moyo wa Lemburis ukasimama, wakaukandamiza kwa zamu nusu saa nzima, haukurudi.

Namnyaki ndiye aliyemtoa mipira na kumsafisha, kisha akamwita mama. Mama alimshika mwanawe miguu yote miwili, ule mzima na ule uliomuua, akakaa hivyo muda mrefu. Alipomaliza alimgeukia Namnyaki.

"Mungu awabariki," alisema. "Mlimchagulia kilicho bora. Mwenyezi ameamua lingine."

Namnyaki aliitikia amina. Angeweza kusema hapo, lakini nani humwambia mama jambo kama lile mbele ya maiti? Alijiahidi kusema baadaye, na hiyo baadaye ikawa miaka miwili.

Wagonjwa wengine walikuja, na kwa kila ndugu aliyekaa kwenye lile benchi Namnyaki aliisoma fomu yote, asiruke hata nukta. Wapo waliokataa. Alidhani kwamba kwa kufanya hivyo deni lake linapungua. Halikupungua.

Julai 2024 waliitwa ukumbini kusikiliza majibu. Daktari Bhavin alisimama mbele ya ukuta wenye mistari miwili, mmoja umeshuka kuliko mwingine. Katika kila wagonjwa mia waliopewa maji kidogo, walikufa thelathini na watano. Katika kila mia waliopewa maji mengi, walikufa arobaini na sita. Watu walipiga makofi, na walikuwa na haki, maana jibu lilikuwa limepatikana, na kuanzia wiki ile dripu zingepimwa upya kwa kila mgonjwa mwenye ugonjwa ule. Namnyaki naye alipiga makofi. Kisha akatoka nje.

Mchana alimfuata Daktari Bhavin ofisini, akamweleza alichokifanya kwenye benchi miaka miwili nyuma. Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Alivua miwani, akasema kwamba itabidi kamati ya maadili ijue, na kwamba Namnyaki mwenyewe aiandike taarifa. Halafu, kwa upole, akamkumbusha kwamba tofauti ya kumi na moja katika mia haimtaji mtu kwa jina. Huenda Lemburis angekufa hata kwa maji kidogo.

"Huwezi kujua kama angepona," alisema.

"Najua kwamba siwezi kujua, daktari," Namnyaki alijibu. "Mama yake hajui hata kwamba kulikuwa na la kujua."

Mpango ulikuwa kuwapigia ndugu simu na kuwasomea majibu. Namnyaki aliomba huyu mmoja amwendee mwenyewe, na Daktari Bhavin akaridhia.

Alikwenda Jumamosi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na misindano ya juu haikuonekana, ilisikika tu ikidondosha maji. Uani alimkuta Joyce akipukuchua maharage, na mtoto wa miaka miwili akiwafukuza kuku wasiyale. Mkwe wake, Joyce alisema, alikuwa jikoni. Namnyaki akaomba aongee na Joyce kwanza. Alijitambulisha, akasema amekuja kwa sababu ya fomu.

Joyce hakuinua kichwa. "Ya shilingi?"

Namnyaki akamuuliza amejuaje.

Joyce akaeleza huku mikono ikiendelea na kazi. Mama mkwe alirudi kutoka hospitalini na ile nakala, akampa aiweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Wiki moja baada ya mazishi aliitoa akaisoma, kwa kuwa yeye alimaliza kidato cha nne na kusoma si kazi kwake. Mama alikuwa ameshawasimulia wote waliokuja msibani, kanisani na sokoni, kwamba madaktari walimchagulia mwanawe maji yaliyo bora. Joyce aliposoma pale palipoandikwa habari ya kurusha shilingi, aliikunja karatasi akairudisha mahali pake. Hakumwambia mtu.

"Anapolala usiku, neno hilo ndilo analolalia," alisema. "Ningeanzia wapi?" Kisha akamtazama mgeni wake kwa mara ya kwanza. "Na shilingi iliangukia wapi?"

"Upande mbaya," Namnyaki alisema, akamweleza wale thelathini na watano na wale arobaini na sita waliokufa katika kila mia, na kwamba hakuna binadamu awezaye kusema Lemburis angekuwa katika hesabu ipi.

Joyce aliweka ungo chini. Alimwita mtoto, akamfuta pua kwa upindo wa kanga, akamshikilia pale mapajani ingawa mtoto alitaka kurudi kwa kuku.  Namnyaki alikuwa tayari kuambiwa anyamaze, arudi mjini, amwache bibi wa watu na faraja yake. Labda alikuwa akilitamani hilo.

"Mwambie mwenyewe," Joyce alisema. "Mimi nimembebea miaka miwili. Nimechoka."

Jikoni kulikuwa na moshi na harufu ya maziwa. Mama Lemburis alikuwa akikoroga sufuria ya loshoro, mahindi na mtindi, na alimtambua Namnyaki mara moja. Alifurahi kumwona. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Namnyaki aliketi kwenye kigoda, na safari hii alisema kila neno kwa Kimaa, bila kulainisha: bahasha, bahati, makundi mawili, waliokufa huku na waliokufa kule, na ile sentensi aliyoiruka, na kwa nini aliiruka, pamoja na ile orodha fupi.

Mama aliendelea kukoroga. Alipouliza, sauti yake haikupanda.

"Siku ile, neno hilo ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo, yeyo."

"Kwa Kimaa?"

"Kwa Kimaa."

Mama aliipua sufuria akaiweka pembeni ya mafiga. "Ungeniambia, labda ningekubali," alisema. "Hali yake ilikuwa mbaya, na wewe ulisema ungemweka wako. Labda ningekataa. Sasa sitajua ningejibu nini. Mwanangu alichukuliwa na Mungu, sawa. Lakini jibu langu umelichukua wewe."

Namnyaki aliomba radhi. Mama hakukataa wala hakupokea. Alisema tu kwamba leo hana chai ya kumpa mgeni. Birika ilikuwa mafigani, inatoa mvuke, na wote wawili waliiona. Kwa Mwarusha kumwondoa mtu nyumbani bila chai ni neno zito kuliko tusi, na Namnyaki, aliyelelewa katika nyumba kama ile, alilielewa lote. Aliaga akatoka. Joyce alimsindikiza hadi barabarani, akarudi.

Kamati ya maadili ilimwondoa katika utafiti. Iliagiza pia kwamba ridhaa yoyote itakayotolewa kwa lugha nyingine isikilizwe na mtu wa pili anayeijua lugha hiyo. Namnyaki hakukata rufaa. Alirudi vitandani, kugeuza wagonjwa, kusafisha midomo iliyokauka, kupima mkojo kila saa. Wapo waliopona kwa dripu ndogo. Aliwasukuma kwenye viti vya magurudumu hadi mlangoni, akawatakia heri, na kila mara alihisi furaha ambayo haikuwa na mahali pa kukaa.

Mwishoni mwa Oktoba, saa tatu asubuhi, mlinzi alikuja kumwambia kuna mama anamngoja nje. Mama Lemburis alikuwa amekuja peke yake. Alikuwa amekonda. Hakutaka kuketi kwenye lile benchi. Alisimama ukutani, na Namnyaki akasimama naye.

"Zile siku nne hamkuniruhusu kukaa naye ndani," alisema. "Niliingia nikatoka, niliingia nikatoka. Nataka kujua alivyokuwa. Yote. Na wewe ndiye utakayeniambia, kwa kuwa sasa unajua kusema."

Ilichukua karibu saa nzima kupata kibali na kulitoa faili stoo. Daktari Bhavin aliwapa chumba chake, akakaa kidogo, akaona hahitajiki, akatoka. Namnyaki alifungua ukurasa wa kwanza akaanza na Jumanne, saa alipopokelewa, joto la mwili, presha, jina la muuguzi aliyempokea. Alisoma kila kilichoandikwa, akikigeuza kuwa Kimaa, hata vile vipimo visivyo na maana kwa mtu asiye wa hospitali, na mama hakumwambia aruke. Alipofika Jumatano jioni, mahali palipoandikwa kwamba mgonjwa alifumbua macho kwa dakika chache, mama alimsimamisha.

"Alisema nini?"

"Hakuweza kusema, yeyo. Mpira ulikuwa kooni."

"Alimtazama nani?"

Namnyaki alitafuta kwenye karatasi, kisha akatafuta kichwani mwake. "Haikuandikwa," alisema. "Mimi sikuwa zamu. Sijui."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea mzigo akaupima uzito. Alijifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Endelea," alisema.