Kinga ya Kisiagi Iko kwa Kuku

Uvumi ulianzia sokoni Karatina, kwa akina mama wa viazi, ukapanda na mizigo mpaka Majengo ya Nyeri: ati kisiagi cha Kihara, ile mashine yake ya kusaga unga, kinaongea. Mishi aliusikia akipepeta mchele. Aliufukuza, ukarudi. Akaswali nao, akalala nao, akaamka nao. Mashine kuongea hakukumtisha. Aliogopa itakachosema, maana dada yake Zuena aliacha mkono pale.

Ilikuwa hivi. Mkanda wa kisiagi ulikuwa na kinga ya waya. Kihara akaing'oa, akajengea kizimba cha kuku. Zuena alikuja kusaga na leso ya pili kiunoni, ncha zikining'inia. Mwanamke wa Majengo havui leso mbele ya wanaume, hata kama mkanda unazunguka karibu naye. Akainama kukinga unga. Mkanda ukashika ncha, Zuena akaivuta leso yake, mkono ukafuata leso. Kihara akawaambia watu ni uzembe.

Chiku, binti wa Mishi, alikuwa chuo kikuu Nairobi. Aliambiwa achague mada ya tasnifu kuhusu mashine na maisha ya watu. Akachagua: nani huondoa kinga, na nani huumia. Na mbinu yake? Kukaa kwenye foleni ya kusaga na kusikiliza. Alikuja na kigoda chake, akakaa.

Kila asubuhi, kikishapata moto, kisiagi kilisema kwa sauti ya mtu aliyemeza pumba: "Kinga yangu iko kwa kuku. Nilimshika Zuena. Niombeeni radhi."

"Haya, tumesikia," wanawake walijibu, wakasogeza madebe yao.

"Wee Chiku," Kihara akasema, "hiyo ni beringi imeisha. Andika tu vile nimesaidia wamama."

Msimamizi wa Chiku chuoni, Daktari Theuri, alisoma kurasa zake akinywa chai.

"Umehoji nani?"

"Wanawake wa foleni, mama yangu mdogo, na kisiagi chenyewe."

"Kisiagi kimoja? Hiyo si sampuli."

Chiku akaenda Kagio, akaenda Kianyaga. Visiagi vya huko vilisema yaleyale, ila kinga ya kile cha Kianyaga ilikuwa imegeuzwa dirisha la baa. Akarudi na majibu.

"Hizi mashine zina malalamiko," Theuri akasema. "Mlalamikaji si shahidi. Na huyu mama mdogo ni jamaa yako. Peleka hojaji kwa wenye visiagi. Mada iwe jinsi kisiagi kilivyompunguzia mwanamke kazi."

"Na mkono?"

"Weka kwenye tanbihi."

Chiku alirudi nyumbani, akaeleza kwamba bila sahihi ya Theuri hakuna shahada. Mishi akagonga sufuria chini, uji ukaruka.

"Usiandike! Mkono wa dada yangu uwe maandishi madogo chini ya ukurasa, kama bei ya sabuni?"

Zuena alikuwa anamenya kiazi, amekibana kwa goti. "Kumpunguzia mwanamke kazi? Lakini si kweli? Mimi nafua nusu siku hizi." Akacheka peke yake. "Andika, mwanangu, upate kazi. Mkono hauoti."

Chiku akaandika. Alipasi. Tasnifu ilipopigwa chapa tanbihi haikuwamo. Wachapaji walisema karatasi zilikuwa chache. Theuri akaisoma mbele ya wageni na wageni wakapiga makofi. Kihara alipewa nakala, akaiweka dukani pamoja na mizani.

Kisiagi bado kinasema kila asubuhi. Siku hizi kinataja Zuena na Batula, mke wa muuza mbuzi, aliyeshikwa baada ya mavuno. Kihara alinunua redio, akaitundika juu ya mkanda. Kinga haijarudi. Kuku wamenenepa.

Basi wenye mabinti, epukeni haya:

Kwenda kusaga na leso yenye ncha zinazoning'inia. Chomeka, hata wakikucheka.

Kusimama upande wa mkanda.

Kuivuta leso ikishikwa. Iache iende, nguo hununuliwa.

Kukijibu kisiagi "tumesikia" halafu kusogeza debe.

Hojaji ambayo haina nafasi ya kuandika nani aliing'oa kinga.

Msimamizi anayemsikia mwenye mashine kwanza.

Kumwambia binti yako aandike tu apate kazi.

Mayai ya Kihara.