Biira Hajafa

Alisi alivuta kamba nyekundu ya kusimamisha mashine, na ukanda wa kuchagulia kahawa ukaendelea na safari yake, umeibana leso yake. Akaivuta tena kwa nguvu zote, akapiga ukelele uliowainua wanawake wote wa kuchagua kahawa kwenye viti vyao. Ukanda haukujali. Ulibeba buni, ulibeba leso, na sasa ulianza kumbeba Alisi mwenyewe kuelekea kwenye rola ya mwisho, mkono wa kushoto ukitangulia.

Blandine alikuwa juu ya ngazi upande wa pili wa kiwanda, akifunga kifuniko cha kikaushio. Hakuuliza kuna nini. Aliruka, akakimbia hadi kwenye swichi kuu ukutani, akaining'inia kwa uzito wa mwili wake wote mpaka ikashuka. Kiwanda kizima kikanyamaza, hata redio ya mlinzi kule getini.

Walimtoa Alisi kwa kuikata leso. Mkono ulikuwa umechunika kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, lakini vidole vilikuwa vyote mahali pake, na vilikuwa vinakunjuka. Alisi alivitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia.

"Mimi nimevuta," alisema. "Blandine, hii kamba nimevuta. Wote beko hapa wameona."

"Tumeona!" wenzake wakadakia.

"Umevuta muzuri, mama," Blandine alimwambia, akimfunga mkono kwa kitambaa safi. "Ni yeye, hii ukanda, alikatala kusikia."

Kiwanda chenyewe ni kidogo, kando ya barabara itokayo Bwera kwenda Kasese, na mwezi uliopita kilikuwa kimeletewa maendeleo. Kila mashine ilivalishwa moduli ya mawasiliano, kijisanduku kisichozidi kipande cha sabuni, chenye vitaa vya kupepesa. Kebo moja ilipita kwenye moduli zote, ikaingia kwenye kabati kubwa la umeme, na kutoka hapo habari zilirushwa hadi ofisini Kasese, mtaa wa Bulembia, ambako Injinia Jonan aliweza kuona ukanda ukizunguka huku anakunywa chai yake. Nyaya za zamani, zile za kila kitufe na waya wake, ziling'olewa zikatupwa stoo. Sasa kamba ikivutwa, inaiambia moduli ya kwanza. Moduli ya kwanza inaliambia kabati. Kabati linaiambia moduli ya pili. Na moduli ya pili ndiyo inayosimamisha mota ya ukanda; kuiwasha tu ndiko kulibaki kwa kitufe kilicho kwenye moduli yenyewe. Safari yote hiyo kwa ajili ya neno fupi kama simama!

Blandine alikata umeme wa mota peke yake, akairudisha swichi kuu, akafungua paneli ya ukanda. Moduli ya pili ilikuwa inapepesa nyekundu. Hii ilikuwa mpya. Ile ya mwanzo iliunguzwa na radi ya juzi, na aliyeibadilisha ni Yonasani, fundi mwenzake, mtu wa Kyondo, mwenye mikono mizuri na maneno machache. Ubavuni mwa kila moduli kuna kidude kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, cha kuipa namba yake. Blandine aliinama akakitazama. Kilikuwa kimeelekezwa kwenye nne.

"Yonasani. Hii umeipa namba ine?"

Yonasani alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, uso umempauka.

"Ine, ndiyo."

"Kabati inatafuta namba mbili. Inaita mbili, mbili, mbili, hakuna mutu anaitika. Juu ya nini ine?"

Yonasani aliigeuza kofia mkononi. Yeye ndiye aliyezibatiza moduli zile siku ya kwanza, kwa kalamu ya wino mzito, watu wakicheka. Ya kwanza aliiandika Masika, ya pili Biira, ya tatu Kabugho, kama Wakonzo wanavyowaita mabinti zao kwa zamu ya kuzaliwa. Hata Blandine, Mnande wa Butembo, Kongo, alicheka, maana kwao ng'ambo ya mto wa mpakani wana desturi iyo hiyo, tofauti ni matamshi tu.

"Biira alikufa," Yonasani alisema mwishowe. "Namba ya mutoto amekufa, huwezi kupatia mwingine. Mwenye anakuja, anachukua yake. Nikaweka ine. Nikaandika Mbambu, jina ya musichana wa ine." Akamgeukia Alisi. "Mkono yangu ilifanya tu. Sikufikiria mashine. Nisamehe, mama Alisi."

Wapo ambao wangemcheka. Wanawake wa ukanda hawakucheka, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao ambaye nyumbani kwao hakuna nafasi moja iliyorukwa, jina ambalo halijarudiwa.

Lakini Blandine hakuishia kwenye namba. Alichomeka kompyuta yake kwenye paneli, akashuka mstari kwa mstari mpaka akaufikia ule aliokuwa akiuogopa. Palikuwa na swali moja: mota ifanye nini mawasiliano yakikatika? Na jibu lilikuwa limewekwa kutoka Kasese: iendelee kama ilivyokuwa.

Damu ilimpanda kichwani. Namba ya Yonasani iliufanya ukanda usisikie. Jibu hili ndilo lililouruhusu kutosikia na bado kuzunguka. Kesho radi ingepiga tena, au panya angetafuna kebo, na yote yangerudi vilevile, namba iwe mbili, iwe nne.

Alikuwa na kaka, Jean-de-Dieu, dereva wa lori huko Butembo. Siku ya safari yake ya mwisho tajiri wake alimwambia, endelea tu, kama njia ni mbaya nitakupigia. Minara ya simu ikazimika mchana. Jean-de-Dieu hakupigiwa, kwa hiyo aliendelea. Lori lilipatikana, yeye hakupatikana. Blandine alivuka mpaka wa Mpondwe na begi moja na hasira ambayo mpaka leo hajapata pa kuitua.

Aliufuta ule mstari. Akaandika: isimame. Kisha akaenda stoo.

Aliporudi baada ya saa nzima, shingoni amezungusha waya wa zamani uliojaa vumbi, pikapu ya Injinia Jonan ilikuwa inaingia getini.

Jonan hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikwenda kwanza kwa Alisi, akautazama mkono, akatoa pole ya kweli, akamwambia dereva ampeleke zahanati. Alisi alikataa kuondoka. Ndipo Jonan akamgeukia Blandine.

"Nimeambiwa kwa simu ni namba. Yonasani arudishe namba mbili, tuwashe. Lori tatu za kahawa ziko njiani kutoka Kyondo, itaoza."

"Namba anarudisha sasa hivi. Ile ingine nimesharudisha mimi."

"Ingine gani?"

"Ile yako. Ya kuendelea."

Jonan akashusha pumzi, akamvuta kando, karibu na magunia. "Blandine, usinifundishe. Ile kitu naijua. Nilijua siku niliandika. Lakini juma lile la kwanza netiweki ilikuwa inaanguka kila mvua, na ukanda unasimama kila saa, na mwenye kiwanda ananitukana kwa simu. Ulitaka nifanye nini?"

"Sikufundishe, Injinia. Unajua, na mimi ninajua. Ninakatala tu."

"Unakataa?"

"Ninakatala. Ukanda ikikosa kusikia, inasimama. Na kamba inapata waya yake, ya moja kwa moja mupaka ku mota, bila kupitia kwa mutu. Moduli zako zibaki, ni nzuri, zikupelekee habari Kasese. Mais, lakini, kusimama hakuombwe ruhusa Kasese."

"Mchoro hauna hiyo waya."

"Basi muchoro uchorwe tena."

Alimpita, akapanda juu ya kiti cha Alisi, akaanza kuufunga waya kwenye mhimili. Koleo lilikuwa linalia mkononi mwake. Jonan alimfuata, sauti imepanda sasa, wanawake wote wanasikia.

"Shuka! Nasema shuka hapo! Hiyo waya ikibaki, wewe hubaki. Butembo nzima iko hapa Bwera inatafuta kazi."

Koleo likasimama. Blandine aliwaza chumba chake alichopanga nyuma ya soko, na binti yake Benedicte aliyekwisha kuzoea shule ya hapa na kumcheka mama yake kwa Lukonzo chake kibovu. Aliogopa, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba haogopi. Kisha akakaza skrubu.

"Bon, sawa," alisema bila kugeuka. "Muwaite hao wa Butembo. Nitawaonyesha waya inapita wapi."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Phionah, msichana mwenye ulimi mkali kuliko wote pale, akakivuta kiti chake nyuma, akakaa mbali na ukanda, akakunja mikono. Wengine wakavuta vyao.

"Injinia," Phionah alisema, "si kazi tunakataa. Tunangoja tu hiyo waya."

Jonan aliwatazama, akaitazama barabara ambako lori zingetokea, akaitazama saa yake. Alisimama tu pale, mikono kiunoni, mpaka Blandine akaingiza ncha ya mwisho ya waya kwenye kontakta, swichi inayoipa mota umeme, na kufunga paneli.

Kwenye sanduku la moduli, Yonasani alikuwa amerudisha namba mbili. Kitaa kikageuka kijani. Lakini kalamu ilikuwa imesimama hewani. Alikuwa amelifuta jina la Mbambu, na pale pa kuandika palibaki peupe.

"Andika basi," Blandine akamwambia.

"Namba nimeweka. Jina siwezi. Biira alikufa, mkono inakataa."

Hapo ndipo Alisi alipokuja. Alikuja polepole, mkono umefungwa, kipande cha leso kilichobaki kikining'inia begani. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto wakubwa, na kiwandani pale hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo.

"Yonasani, kwetu mimi ni wa ngapi?"

Yonasani alimtazama, akaanza kuelewa, macho yakamlowa.

"Baba yangu alizaa musichana wa kwanza, akamwita Masika," Alisi alisema. "Halafu akanizaa mimi. Alisi ni ya kanisa. Nyumbani naitwa nani?"

"Biira," Yonasani akanong'ona.

"Sema wasikie."

"Biira!"

"Nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi andika. Biira iko hapa, hajakufa, na leo hataki kufa. Andika kubwa, huyu Injinia asome."

Akaandika. Herufi zilipinda kidogo, lakini zilisomeka kutoka mlangoni.

Blandine akawasha. Ukanda ukaanza kutembea, mtupu, ukilia kwenye rola zake. Alishika kebo ya mawasiliano pale inapoingia kwenye moduli, akamtazama Jonan.

"Uchomoe wewe mwenyewe, Injinia. Usiseme nilidanganya."

Jonan alisita. Kisha akaja, akachomoa. Kitaa kikawa chekundu, na kabla ya mtu kuigusa kamba, ukanda ulipunguza mwendo, ukasimama wenyewe. Akarudisha kebo, Blandine akawasha, ukaanza tena. Safari hii Alisi akanyoosha mkono wake mzima, akavuta kamba mara moja. Ukanda ukasimama papo hapo. Jonan aliitazama ile kamba kwa muda, akapangusa vidole vyake kwenye suruali.

"Lazima nimpigie mwenye kiwanda," alisema. Haikujulikana kama anasema na Blandine au na nafsi yake. "Waya ibaki mpaka nimalize kuongea."

"Na mimi?"

"Hata wewe."

Akatoka nje. Blandine alikusanya koleo, bisibisi na vipande vya waya, akavitia kwenye mfuko wake wa zana. Hakuufunga zipu, kwani bado hakujua kama ana kazi. Aliketi juu ya gunia, mfuko miguuni, akatazama.

Lori la kwanza lilikuwa limekwisha kuingia, na wapagazi walikuwa wanashusha. Wanawake walirudi kwenye nafasi zao, lakini hakuna aliyeketi kwanza. Phionah aliivuta kamba, akangoja ukanda usimame kabisa, akaguna, ndipo akakaa. Ukawashwa. Aliyefuata naye akavuta. Ukawashwa tena. Nje, kando ya pikapu, Jonan alikuwa anazunguka na simu sikioni, kidole amekiziba sikio la pili ili asikie, na ndani ukanda ulikuwa unatembea na kusimama, unatembea na kusimama, wanawake wakiijaribu kamba mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye kiti cha mwisho.