Nani Ana Akiba Zaidi, Tonga au Samoa

Lesieli aligawa tena. Juu, akiba ya fedha za kigeni ya Samoa; chini, gharama ya bidhaa wanazoagiza nje kwa mwezi. Kabla hajaandika jibu, baba yake, Sitaleki, alikuwa keshamwinamia begani.

"Tumewashinda?"

"Baba, sijamaliza."

"Sema tu. Tumewashinda au la?"

"Usimtishe mtoto," ilisema simu iliyoegemezwa kwenye kopo la nyama. Aukuso alikuwa barazani kwake huko Apia, Samoa, na uso wake ulijaza kioo kizima. Alikuwa baba wa Fereti, mchumba wa Lesieli. "Anajua Samoa iko juu, ila anakuonea huruma."

Wazee hawa walikuwa wameshindwa kukubaliana harusi ifanyike wapi, hapa Nuku'alofa, Tonga, au Apia. Kwanza walisema raga iamue, na mechi ikaisha sare. Ndipo Aukuso akasema harusi iende kwenye nchi yenye akiba kubwa, maana hiyo ndiyo inayoweza kulisha wageni. Sitaleki akakubali papo hapo. Kwa kuwa Lesieli alikuwa mhasibu, hakuna aliyemuuliza kama anaitaka kazi hiyo.

Fereti alikuwa New Zealand akichuma tufaha, na tiketi yake ilipaswa kukatwa jioni hiyo. Ikipita, likizo imepita, na harusi ingesubiri tena. Walikuwa wamekwisha kusubiri misimu miwili.

"Ukitazama dola peke yake, jibu ni moja," Lesieli alieleza kwa mara nyingine. "Ukitazama akiba inaweza kulipia bidhaa za nje kwa miezi mingapi, jibu linageuka."

"Chukua dola!" alisema Aukuso.

"Chukua miezi!" alisema Sitaleki.

"Halafu kuna tarehe. Mkilinganisha Juni na Juni..."

"Desemba," Aukuso alimkata. "Watoto wetu wa ng'ambo wakishaleta pesa za Krismasi."

"Desemba?" Sitaleki alicheka kwa kebehi. "Nyinyi Desemba moja mlihamia ng'ambo ya mstari wa tarehe wa dunia, mkafuta siku nzima kwenye kalenda. Mtu wa kufuta siku atashindwa kufuta deni?"

"Tulihamisha tarehe, mzee, hatukuhamisha pesa!"

Lesieli alijishika kichwa. Mlango ulifunguka, na Sitaleki akaacha kiti upesi, akakaa sakafuni. Aliyeingia alikuwa Telesia, dada yake mkubwa, na katika nyumba ile neno la shangazi lilikuwa juu ya neno la baba. Alibeba mkeka uliokunjwa, mwororo kama kitambaa, rangi yake imeiva kwa uzee.

"Nimewasikia tangu barabarani," alisema. "Akiba ya kigeni ni nini, mwanangu?"

"Ni mali iliyotoka nje, shangazi, inayowekwa kwa ajili ya siku ya haja."

"Basi andika na huu. Bibi yetu alikuja nao kutoka Samoa alipoolewa. Tangu hapo uko chini ya godoro."

"Umetoka kwetu!" Aukuso alipaza sauti. "Uandike Samoa!"

"Umelala kwetu!" alisema Sitaleki. "Godoro la nani?"

"Nyamazeni nyote wawili." Telesia aliuweka mkeka magotini mwa Lesieli. "Huyu ataolewa akiwa ameuvaa kiunoni, kama desturi yetu. Na mkeka hautoki kisiwani bila mimi. Na mimi sipandi ndege. Nilipanda mara moja, ikanitosha."

Aukuso alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kwa hiyo harusi ni huko."

"Ni hapa," alisema Telesia.

Lesieli hakungoja. Alichukua simu yake mwenyewe, akamwandikia Fereti akate tiketi ya Tonga, na jibu likarudi mara moja: tayari. Alivuta pumzi, akaanza kuifunga kompyuta.

"Unafanya nini?" aliuliza Aukuso.

"Nafunga. Si tumekwisha kuamua?"

"Harusi ndiyo imeamuliwa. Hesabu je? Mimi niingie huko na wageni wangu wote bila kujua nani yuko juu?"

"Hapo amesema kweli," alisema Sitaleki kutoka sakafuni. "Maliza. Ila kwenye bidhaa tunazoagiza uiondoe dizeli ya jenereta, ile inatupunguzia miezi."

"Na mkeka?" aliuliza shangazi. "Mbona hujauandika?"

Lesieli aliwatazama mmoja mmoja, simu pamoja nao.

"Kesho," alisema, akaifunga kompyuta. Safu ya miezi ya Samoa ilikuwa bado tupu.