Kikohozi Chini ya Elimu ya Nyota

Kila asubuhi mkutubi huwasha kompyuta za chumba cha rejea, akapangusa vioo, kisha akakagua orodha ya hifadhidata, zile ghala za tafiti zilizopangwa kwa masomo ili msomaji asihangaike: Afya, Kilimo, Muziki, Sheria. Jumanne moja, alipofika kwenye Afya, hifadhidata ya magonjwa ya kazini ikakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu mzima. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekaa jirani akasema, "Pole," akaendelea kunakili. Hadi adhuhuri kila aliyepita alikuwa ameipa pole. Mkutubi peke yake alinyamaza, maana kikohozi kile alikuwa amekiacha nyumbani, mezani, mbele ya chai ya mumewe, mpakiaji mifuko kwenye kiwanda cha saruji.

Akaifungua. Tafiti kumi na nne, zote za vumbi la saruji na mapafu ya wapakiaji. Akaazimia kumleta mumewe Alhamisi, siku yake ya mapumziko, ajisomee. Miaka miwili alikuwa ameshindwa kumshawishi kwa maneno matupu aache kazi ile, na mtu alikuwa anamwishia machoni.

Jumatano mkurugenzi wa maktaba akashuka ghorofani, jambo ambalo halifanyi ila kukiwa na wageni.

"Dada, hiyo ihamishie Elimu ya Nyota. Huko haingii mtu. Inasumbua wasomaji."

"Na ile ya Muziki, bosi? Inapiga miluzi tangu mwaka jana."

"Miluzi haimkeri mtu."

Machale yakamcheza mkutubi. Nani aliyempelekea habari? Akatupia jicho nembo ya kiwanda cha saruji kwenye kompyuta kumi mpya za msaada. Mkurugenzi akaona anavyotazama, akauliza saa. Mkutubi akaihamisha hifadhidata, kwa kuwa kazi aliihitaji, na roho ikamuuma mchana kutwa.

Alhamisi mume akaja, shati limepigwa pasi. Wakaikuta kati ya Mwezi na Sayari. Ikakohoa, mume akakohoa, wakawa wanapokezana kwa adabu, huyu akimngoja yule amalize. Msomaji wa meza ya pili akawapa pole wote wawili.

"Soma mwenyewe, baba watoto."

Mume akasoma taratibu, kidole kwenye kioo, akaishia mstari wa juu kabisa.

"Mbona imeandikwa Elimu ya Nyota?"

"Imehamishwa tu. Shuka chini."

"Nani kaihamisha?"

"Mkurugenzi."

"Basi mama, yule kasoma kutushinda. Ingekuwa ya mapafu, angeiweka kwenye mapafu."

Mkutubi alitamani kupiga kelele, lakini pale ni maktaba. Mume akainuka, akaipigapiga kompyuta mgongoni mpaka ikatulia.

"Ugua pole, mzee," akaiambia. Kisha akamgeukia mkewe. "Fulana yangu ya kazi imekauka? Kesho naingia zamu ya alfajiri."

"Imekauka," akasema mkutubi.