Kasoro ya Dawati

Fundi seremala hakuwa na kidole cha shahada mkono wa kushoto, hakuwa na cheti chochote cha shule, hakuwa na mashine ya randa, wala hakuwa na mtu yeyote katika ukoo wake, aliye hai au aliyezikwa, ambaye akisema jambo watu huacha kumbishia. Kidole kilikwenda na msumeno zamani, naye hakukililia. Cheti alikwisha kuzoea kukikosa. Randa ya mkono ilimtosha. Lile la mwisho ndilo lililomkera mpaka akaota mvi.

Chanzo chake kilikuwa mlango. Mwaka mmoja alipewa kazi ya kutengeneza mlango wa ofisi, na mhandisi wa jengo akamwandikia vipimo. Fundi alipima mwenyewe, akaona vimepungua vidole vitatu, akasema. Mhandisi, aliyekuwa na kofia ngumu na kalamu mbili mfukoni, akamjibu, "Wewe randa tu, mzee." Mlango ulipowekwa ulicheza kwenye fremu kama jino la mtoto, na lawama ikamwangukia aliyeranda. Tangu siku hiyo Fundi aliamini kwamba mtu wa sayansi hakosei, hata akikosea. Akaamua binti yake awe mtu wa namna hiyo.

Binti aliitwa Wakili. Jina hilo alipewa na baba yake akiwa na miaka minne, siku aliyokutwa na sukari midomoni akauliza, "Nani aliniona?" Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, na alama tisini na moja za hesabu. Za historia zilikuwa tisini na nne, lakini hizo hakuna aliyeziulizia.

Fomu ya kuchagua mchepuo ilipokuja nyumbani, Wakili aliijaza kwa wino: Sanaa. Fundi hakugomba. Alichukua msasa laini, ule wa kumalizia, akalisugua lile neno taratibu mpaka likaondoka bila kuitoboa karatasi, akaandika Sayansi. Ilikuwa kazi safi. Hata Wakili, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama, alilazimika kukubali.

"Ungeweza kuniuliza, Baba."

"Ningekuuliza ungenijibu," alisema Fundi.

Shule ilikuwa na desturi kwamba kila anayeingia kidato kipya aje na dawati lake. Fundi alitengeneza la bintiye kwa wiki mbili, kwa mbao ngumu alizozikausha miezi minane, viungo vyote vikiwa vya kuchomeka, bila msumari hata mmoja. Aliweka pimamaji juu yake, na kipovu kikatulia katikati kama kimelala. Akalibeba kichwani mwenyewe mpaka darasa la sayansi.

Jumatatu, kengele ya kwanza ilipolia, dawati liliinuka. Lilianza na miguu ya nyuma, kama ng'ombe, likatoka nje na Wakili akiwa amelikalia. Lilivuka uwanja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, likampita mlinzi, ambaye aliondoa baiskeli yake njiani, likaingia darasa la sanaa kiubavu kwa sababu mlango wa pale ni mwembamba, likatulia karibu na dirisha. Mwalimu wa historia alikuwa akiandika tarehe ubaoni.

"Sogeeni kidogo," aliwaambia wanafunzi. "Mpisheni mwenzenu." Kisha akaendelea na somo.

Kusogea hakukuwa rahisi. Darasa la sanaa lilikuwa na wanafunzi sabini na wawili katika chumba cha arobaini, kwa kuwa kila aliyeshindwa hesabu alitupwa humo. Darasa la sayansi lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, bomba lisilotoa maji, na darubini moja iliyofungiwa kabatini. Kiranja wa sayansi aliandika kwamba Wakili hayupo. Kiranja wa sanaa aliandika kwamba wana mgeni. Jioni wanafunzi wanne walilirudisha dawati, na asubuhi likaenda tena. Kufika Jumatano kazi hiyo ilikwisha kuingizwa kwenye orodha ya zamu, kati ya kufagia vyoo na kumwagilia maua.

Alhamisi Fundi aliitwa na mwalimu wa taaluma, ambaye wanafunzi walimwita Jedwali kwa sababu alitundika jedwali la elementi ofisini, nyumbani na, ilisemekana, juu ya kitanda.

"Fundi, umetuletea dawati la namna gani?"

"La mbao ngumu, mwalimu. Limekauka."

"Limekauka mwili. Akili bado mbichi."

Fundi aliona haya, kwa sababu hakuna fundi apendaye kuambiwa hivyo. Alilipima dawati kwa skwea, kwa pimamaji na kwa jicho. Hakuona kitu. Hata hivyo alitoboa sakafu ya saruji, akalifunga kwa bolti nne ndefu, akakaza mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Asubuhi dawati lilikwenda sanaa na bolti zake, na kila mguu ulikuwa na kipande cha saruji cha ukubwa wa ngumi. Mwendo wake siku hiyo ulikuwa wa kishindo, na mwalimu wa historia aliomba, kwa heshima, vipande viondolewe kwa sababu wanafunzi hawamsikii.

Nyumbani, mkewe alikuwa akipiga pasi sare ya shule.

"Baba Wakili," alisema, "unagombana na mbao au na mtoto?"

"Nagombana na ukaidi."

"Wa nani?"

Fundi alisema chai imepoa.

Jumanne iliyofuata alikwenda shuleni asubuhi na mapema, akamwomba Wakili asimame pembeni, akakaa yeye mwenyewe. Ilikuwa siku ya fizikia, siku pekee ambayo mwalimu wa somo hilo huja. Fundi alikaa magoti yakiwa yamefika kidevuni, akasikiliza habari za mwanga unavyopinda ukiingia majini. Hakuelewa nusu yake, na alipenda yote. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kukaa darasani, akakumbuka ni kabla hajaota ndevu. Dawati halikusogea hata unywele. Lilikuwa imara, limetulia, halilii popote, na Fundi alijua kwa makalio yake, ambayo hayajawahi kumdanganya katika jambo la samani, kwamba hajatengeneza kitu bora kuliko hiki.

Somo lilipokwisha aliinuka. Wakili akakaa. Dawati likainuka miguu ya nyuma kwanza.

"Umeona, Baba," alisema Wakili akipita kwenye mlango.

"Nimeona," alisema Fundi, akamshikia mlango usimgonge.

Siku ile ile Jedwali aliwaita wote wawili ofisini. Ijumaa majina yalikuwa yanakwenda ofisi ya mitihani, na baada ya hapo hakuna kubadilisha.

"Ofisi inataka maelezo," alisema, "na maelezo ni ama haya ama yale. Ama dawati lina kasoro, wewe fundi uandike hivyo na utie sahihi, na binti abaki kwenye orodha ya sayansi. Ama dawati ni zima, basi kasoro ni ya mtoto, na tumpeleke sanaa."

"Kasoro?" aliuliza Wakili.

"Sanaa ni ya waliobaki. Mtoto mwenye tisini na moja ya hesabu hatumpeleki kusoma wafalme waliokufa."

"Hata waliogundua umeme wamekufa, mwalimu."

"Nyamaza, wakubwa wanazungumza."

Fundi alikohoa, ili kuficha kicheko kilichomtoka bila idhini yake. Kisha akauliza, "Akibaki kwenye orodha, na dawati je?"

"Liende litakako. Sisi tunahesabu majina, hatuhesabu miguu."

"Kwa hiyo atasoma historia kila siku, kisha afanye mtihani wa fizikia?"

"Fundi," alisema Jedwali, naye alikuwa amechoka kweli, "hao kumi na wanane wengine wanasoma fizikia mara moja kwa wiki. Nao watafanya. Nikipungukiwa hata mmoja, darasa la sayansi linafungwa, na mimi nitakuwa mwalimu wa taaluma wa shule ya waliobaki. Niletee barua."

Baba na binti walirudi nyumbani pamoja. Walipofika kwenye mtaro, Wakili aliruka, akamgeukia baba yake.

"Mwambie dawati ni zima. Ni neno moja tu, tena ni kweli."

"Kweli ya fundi haimfikishi mtu mbali," alisema Fundi. "Niliwahi kuisema. Nilikuwa na futi mkononi, na mlango mbele ya macho yao. Wakamwangalia mwenye kofia."

"Basi nitakapokuwa na kofia nitasema nini, kama sijui nilichotaka kusema?"

Fundi alimwambia aangalie anapokanyaga, kuna matope.

Alhamisi nzima hakushika kazi ya mteja yeyote. Aliranda ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba wa kutofaa kazi yoyote, akautupa. Ijumaa asubuhi, jua likiwa limeshaingia karakanani, aliweka karatasi juu ya meza yake ya kazi, akachonga penseli ya useremala, akaona haifai kwa barua rasmi, akatafuta kalamu.

Aliandika: Mimi, fundi seremala, mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa, nakiri kwamba dawati nililolitengeneza lina.

Hapo meza ilirudi nyuma hatua moja.

Meza ile aliitengeneza mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita, na haikuwahi kusogea hata alipoipigia nyundo. Fundi aliitazama. Akasogeza kigoda chake, akaandika neno kasoro. Meza ikarudi hatua nyingine. Akasogeza kigoda. Alipoongeza ya utengenezaji ilimchukua mpaka kwenye rundo la mbao, na alipofika kwenye sahihi alikuwa amefika kizingitini, nusu ndani nusu nje, maranda yakiwa yamemjaa viatuni. Akatia sahihi yake, ile aliyojifundisha ukubwani, yenye mkia mrefu.

"Na wewe sasa," aliiambia meza kwa uchovu. Meza haikujibu, kwa kuwa ilikuwa meza.

Bahasha aliifunga kwa gundi ya mbao, kwa sababu hakuiamini gundi ya karatasi, akaibana kwenye kibano ishike. Wakili alikuja na sare yake, mkoba begani, akasimama kusubiri. Kengele ya kwanza ya shule ilikuwa bado kulia.

"Nipe, naipeleka mimi. Si nakwenda huko huko?"

"Hujui kilichomo."

"Najua, Baba. Ila dawati lile halina kasoro. Mimi ndiye ninayelikalia."

"Najua," alisema Fundi.

Alifungua kibano, akajaribu ukingo wa bahasha kwa kucha. Ilikuwa imeshika, ili kuifungua ingebidi uichane. Akampa. Wakili aliitia katikati ya kitabu cha historia ili isikunjamane, akaupita ubavu wa ile meza iliyoziba mlango, akaenda shuleni.