Mgeni Hachekwi Usoni

Kwa miaka thelathini mtembeza watalii alishika sheria moja ya kazi: mgeni hachekwi usoni. Mtalii akipiga picha gogo nusu saa nzima akidhani ni kenge, na kenge mwenyewe yuko nyuma yake anamalizia mkate wake, wewe kaza uso. Kicheko kibane, ukibebe mpaka nyumbani. Nyumbani alikuwapo mkewe, mfua mashuka wa hoteli ileile, na huyo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akataka arudiwe tangu mwanzo.

Sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka mke. Zilianza funguo, yakafuata majina, na tangu Jumatatu alikuwa akimwita mumewe "mgeni". Alimkaribisha kwa adabu zote na kumpa kile kiti kisichoyumba. Mzee aliumia, tena vibaya sana. Lakini alijipa moyo: nikimchekesha, atanijua. Nani mwingine aliwahi kumchekesha?

Jioni ile alirudi na kisa cha kumwaibisha yeye mwenyewe.

"Bibie, leo kima kaniibia kofia ya kazi. Mimi, ninayewaonya watu kila siku! Nikampa ndizi tubadilishane. Kala ndizi, kavaa kofia, kanyoosha mkono kama anaonyesha njia. Na watalii wakamfuata."

Mke alimsikiliza, mikono mapajani, binti yao kando yake. "Pole sana, mgeni," akasema. Hata jino halikuonekana.

Mzee akakusanya vikombe, akaenda jikoni. Hajafungua bomba, akakisikia: kicheko chenyewe, na kile kikwikwi chake cha mwishoni. Akarudi mbio, akasimama nyuma ya mlango.

"Mama, mbona hukucheka mbele yake?" binti yao aliuliza.

"We mtoto, mgeni hachekwi usoni. Baba yako ndiye aliyenifunza." Alikuwa akifuta machozi ya kucheka. "Ngoja atoke kazini nimsimulie. Kila siku ananiletea yeye. Leo zamu yangu."

Mzee hakuweza kuvumilia. Akatoka nje kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba, akajikung'uta vumbi kama atokaye kazini, akafika mlango wa mbele.

"Hodi, mke wangu. Nimerudi."

Ndani kicheko kikakatika. Mke alimtazama kutoka juu hadi chini, akakaza uso.

"Karibu, mgeni. Keti umsubiri, mume wangu hakawii kurudi."