Mluzi Asiousikia Mwalimu Philemoni

Hivi wewe, umewahi kumficha mtu ugonjwa wake mwenyewe, ukijiambia unamtunza? Mimi nilimficha mume wangu, mwalimu Philemoni, misimu miwili mizima ya kahawa.

Masikio yake yaliacha kusikia sauti nyembamba. Mlio wa nyenje hausikii, wa vifaranga hausikii. Nzito anazisikia vizuri kabisa. Nikajifunza kusema naye kwa sauti ya kifuani, yeye akadhani ni uzee wangu. Alikuwa anafundisha kwaya ya usharika wetu mwaka wa ishirini na mbili, nami niliogopa kwamba wakijua, watamnyang'anya.

Mwaka 1992 vitu vya nje vilikuwa vimejaa Arusha mjini. Shamsudin, fundi redio, akatuuzia kinanda cha umeme cha mtumba, cha kijivu, chenye vifundo kumi na vinne vya kuzungusha.

"Mwalimu, sauti inaanzia humu ikiwa mbichi, kali kama msumeno," alituelekeza. "Kifundo hiki ni chujio. Ukikifunga, zinapita sauti nzito tu. Ukikifungua, zinapita na za juu. Hiki cha pembeni kinatia makali palepale chujio linapokatia. Ukikizidisha, chujio lenyewe linapiga mluzi. Hicho usikichezee."

"Kama chujio la chai," nikasema.

"Mama ameelewa kukushinda, mwalimu!"

Kinanda kile hakikuwa na kumbukumbu. Kila mara sauti ilipangwa upya kwa mkono, na mpangaji alikuwa Philemoni. Nyumbani alifungua chujio, akasikiliza, akafungua tena.

"Bado imefunikwa blanketi, Mama Anyesi. Sasa je?"

Meno yalikuwa yananiuma kwa ukali wa sauti ile.

"Nzuri," nikasema. "Nzuri sana."

Siku ya mashindano kule Tengeru, kwaya sita zilijaa ukumbini. Binti yetu Anyesi alipiga kinanda, baba yake amesimama karibu na vifundo. Kwenye ubeti wa pili akaona wimbo haung'ai. Akafungua chujio mpaka mwisho, kisha akazungusha na kile cha makali.

Mluzi ukatoka kwenye spika, mwembamba kama sindano. Watoto wakaziba masikio. Anyesi alimtazama baba yake, asithubutu kuacha kupiga. Philemoni alikuwa anatabasamu, mkono wake unapunga taratibu, anatuongoza sisi waimbaji.

"Mwalimu, refa kapuliza! Mechi imekwisha!" akapaza sauti Mikaeli wa kwaya ya jirani.

Ukumbi mzima ukacheka. Kicheko alikisikia. Akageuka, akawaona watoto na mikono yao masikioni, akanitafuta mimi kwenye safu ya sauti ya pili. Nikatazama viatu vyangu. Hapo akajua, na akajua kwamba mimi nilijua.

Jioni ile alimkabidhi mchungaji daftari la nyimbo. Nyumbani akaketi kizingitini na joho lake la kwaya, kola imelowa jasho. Nikamletea ndizi za maziwa. Hakuzigusa.

"Baba Anyesi, nisamehe. Niliogopa watakunyang'anya kwaya."

Akavua joho, akalikunja juu ya magoti.

"Kwaya ningewapa mwenyewe," akasema. "Nilitaka uniambie wewe. Hapa nyumbani, tukiwa wawili."